Mradi wa mwaka wa nne: Dakika 41 za sauti ya sokoni, na kwa nini jopo litauliza "mfumo uko wapi?"

Muulize mwanafunzi yeyote wa mwaka wa nne wa sayansi ya kompyuta mradi wake umefika wapi. Jibu utalipata kabla hujamaliza swali: "Unaendelea."

Hilo neno limebeba mengi, msomaji wangu. Linaweza kumaanisha amekesha wiki nzima. Linaweza kumaanisha hajaanza. Linaweza pia kumaanisha kuna msee mahali kwenye Telegram ameshatumiwa nusu ya pesa, na mradi utaletwa umekamilika, na ripoti yake, na hata karatasi ya majibu ya maswali ambayo jopo hupenda kuuliza.

Leo nataka tuangalie mradi mmoja ambao kweli unaendelea. Sio kwa sababu umefika mbali. Ndio kwanza uko wiki ya saba. Ila ukiutazama vizuri unaanza kuelewa kwa nini hizi kelele zote za akili unde hapa Kenya zinaweza kupita kama mvua ya mawe: kishindo kikubwa, halafu hakuna maji kwenye tangi.

Mwenye mradi ni rafiki yangu, yuko chuo kimoja cha umma hapa Nairobi. Ameniruhusu niandike bora nisimtaje jina. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipomshinda mzee, kwa hivyo usinichukue kama mtaalamu. Lakini nimekaa naye kwenye hiyo laptopu hadi nikaanza kuota majedwali.

Wazo lake ni rahisi kueleza. Mama mboga anauza kwa mkopo kila siku. Deni linaandikwa kwenye daftari, kwenye kipande cha katoni, ama linabaki kichwani. Saa moja jioni mikono imelowa, sukuma inakatwa, wateja watano wamesimama. Nani atashika kalamu? Basi aongee tu na simu: "Mama Njeri amechukua sukuma ya soo, hajalipa." Simu iandike. Jumamosi imsomee nani anadaiwa na ni pesa ngapi.

Najua unachofikiria. Si kuna AI tayari zinazosikia Kiswahili? Achukue moja, aiunganishe na programu ya simu, amalize, aende nyumbani. Hata yeye ndivyo alivyofikiri. Pendekezo lake la kwanza lilikuwa na sura nne kuhusu programu ya simu na aya moja kuhusu sauti.

Wiki ya kwanza alichukua Whisper, ile modeli ya kusikia na kuandika ambayo OpenAI waliiachilia Septemba 2022, bure, mtu yeyote anaweza kuishusha. Wenyewe walisema waliifunza kwa saa 680,000 za sauti. Ukisikia hivyo unatulia, si ndio? Sasa fungua kiambatisho cha ile karatasi yao ya kisayansi, pale walipoorodhesha lugha moja moja. Kiswahili kilipata saa 5.4 za kufunzwa kuandika. Saa tano na dakika kama ishirini na nne. Safari ya basi kutoka Nairobi kwenda Mombasa ni ndefu kuliko hiyo. Hii ni lugha ambayo UNESCO, walipoipa siku yake ya Julai 7, walisema ina wazungumzaji zaidi ya milioni 200.

Hizo saa tano na kitu sidhani kama kulikuwa na mtu wa soko ndani. Rafiki yangu alicheza sauti ya kwanza aliyorekodi. "Soo" ikaandikwa "so" kama ya Kizungu. "Finje" ikawa "fundi". "Mbao" ikaandikwa sawasawa, herufi kwa herufi, ila programu yake ya kujumlisha haikujua kwamba hapo mbao ni shilingi ishirini na si ubao wa kujengea. Na pale lori liliporudi nyuma likipiga honi, modeli ikaandika sentensi nzima ambayo hakuna mtu aliyeisema.

Hapo ndipo mradi ulipobadilika. Kutoka kutengeneza programu ya simu, akaanza kujiuliza swali ambalo halina jibu kwenye YouTube: ni sauti kiasi gani ya soko, na ya aina gani, inahitajika ili mashine isikie deni vizuri?

Usinielewe vibaya, kuna watu walishalima hili shamba. Kuna Kencorpus, kazi ya Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene, waliokusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya. Upande wa sauti walifikisha saa 177. Kuna Common Voice ya Mozilla, ambapo mtu yeyote anajitolea kusoma sentensi kwa Kiswahili na data inaachwa wazi kwa wote. Kuna Masakhane, wale watafiti wa lugha za Afrika walioanza 2019, ambao jina lao kwa Kizulu ni wito wa kujenga pamoja. Bila hawa, huyu msichana angeanzia sifuri. Lakini sauti ya mtu anayesoma sentensi iliyoandikwa, chumbani, simu mkononi, haifanani na sauti ya mtu anayempigia hesabu mteja huku jirani amefungulia redio.

Basi ikabidi aende sokoni.

Alirekodi kama saa sita, wanawake tisa. Unajua kilichobaki baada ya kusafisha? Dakika 41. Zingine zilikuwa upepo, redio, watu watatu wakiongea pamoja, mtoto analia, ama simu imefunikwa na leso. Na kila dakika moja iliyobaki ilimgharimu karibu saa nzima ya kusikiliza, kurudisha nyuma, kuandika, kusikiliza tena.

Halafu kuna jambo la tahajia ambalo mimi sikuwa nimewahi kulifikiria. Mama akisema "soo mbili", unaandika "soo mbili", "mia mbili" ama "200"? Ukiandika hivi leo na vile kesho, mashine itahesabiwa makosa hata ikiwa imesikia vizuri. Sheng haina kamusi inayolala mezani kwa kila mtu. "Thao" wengine huandika "thau". Kwa hivyo akatunga kanuni zake, kurasa mbili, na akaanza upya kunakili zote alizokuwa amemaliza. Wiki ya tatu yote ikaishia hapo. Ukimuuliza wiki hiyo mradi umefika wapi, angekwambia nini? "Unaendelea."

Sasa nikuletee sehemu ambayo ilinifanya niandike haya yote.

Watu wa fani hii hupima mashine kwa kiwango cha makosa ya maneno. Unahesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyorukwa na yaliyoongezwa, unagawa kwa idadi ya maneno yaliyosemwa kweli. Mashine ikibwabwaja sana inaweza hata kupita asilimia 100, maana inaongeza maneno yake yenyewe. Kipimo hiki kimezoeleka duniani kote. Lakini kijaribu kwa Kiswahili. Mwingereza ana maneno manne pale sisi tunasema "nitakupigia" tu. Mashine ikiandika "nitampigia", imekosea silabi moja, na kwetu neno zima limepotea. Yule wa Kiingereza angekosa neno moja kati ya manne. Kosa lile lile, adhabu tofauti.

Hiyo ni nusu tu. Rudi kwa sentensi yetu: Mama Njeri amechukua sukuma ya soo, hajalipa. Maneno saba. Mashine ikikosea neno moja, ni asilimia 14 hivi. Haya, ikikosea "sukuma" ikaandika "sukumia", hakuna aliyeumia. Ikikosea "hajalipa" ikaandika "amelipa", ni asilimia 14 ile ile kwenye jedwali, lakini deni limekufa na mama amepoteza mia yake. Kipimo hakioni tofauti. Mama anaiona.

Basi akatengeneza kipimo cha pili. Anaangalia vitu vitatu pekee: jina la mteja, kiasi cha pesa, na kama amelipa au la. Kimoja kikikosewa, sentensi yote imeanguka. Hakuna nusu alama. Msimamizi wake alipoona hilo alimwambia aliweke mbele kabisa kwenye ripoti. Mimi naona hapo ndipo aliacha kuwa mwanafunzi anayeunganisha vitu vya watu na akawa mtafiti, na hakuwa na hata kitufe kimoja cha kubonyeza cha kuonyesha mtu.

Wiki ya tano akaizoesha modeli ndogo kwa zile sauti zake. Alitumia Google Colab, ile huduma inayokukopesha kompyuta yenye nguvu bure, lakini inaweza kukukatia katikati ya kazi bila pole, na kama hukuhifadhi, umeanza mwanzo. Bando ziliisha mara mbili. Matokeo yakaja mazuri ajabu. Akanitumia picha ya grafu saa saba usiku, emoji za moto tatu.

Asubuhi akatuma nyingine: "Ni uongo."

Alikuwa amezigawa sauti zake kiholela, nyingine za kufunza, nyingine za mtihani. Kwa hivyo mama yule yule alikuwa pande zote mbili. Mashine haikuwa imejifunza kusikia soko. Ilikuwa imezoea sauti za wale wanawake tisa. Ni kama kumtungia mtu mtihani kwa maswali aliyofanyia mazoezi jana. Akagawa upya kwa watu: wanawake saba wa kufunza, wawili ambao mashine haijawahi kuwasikia wawe wa mtihani. Namba zikaanguka vibaya.

Simama hapo kidogo ufikirie. Ana grafu mbili kwenye laptopu. Moja inapendeza na ingempa alama bila maswali, kwa sababu nina uhakika hakuna mtu kwenye jopo angeuliza sauti ziligawanywa vipi. Nyingine ina ukweli na inaonekana kama kazi ya mtu mvivu. Amewekewa dakika kumi za kuwasilisha. Amebakisha muhula mmoja, na darasa lao tayari lilichelewa kwa ule mgomo wa wahadhiri wa 2025. Nyumbani wanauliza atamaliza lini.

Ameweka zote mbili. Ya kwanza ameiandikia juu: "Mgawanyo usiofaa."

Wakati wa pendekezo, mmoja wa jopo alimuuliza swali moja tu: "Na mfumo uko wapi?" Akimaanisha ukurasa wa kuingia, nenosiri, dashibodi yenye rangi. Wacha niwe mkweli, jopo lina sababu zake. Wameona vijana wengi wakijificha nyuma ya neno "utafiti" ilhali hawajafanya kitu tangu Januari. Mfumo unaofanya kazi ni ushahidi unaoweza kubonyezwa. Na waajiri nao wanataka kuona kitu kinachowaka. Lakini ndio maana pia kila mwaka tunapata mifumo ya kusimamia hosteli, mifumo ya kusimamia maktaba, mifumo ya kusimamia duka la dawa, ile ile, imebadilishwa rangi na nembo. Na ndio maana yule msee wa Telegram halali njaa: kinachopewa alama ni kile ambacho ni rahisi kuuzwa. Hizo dakika 41 hawezi kukuuzia. Hana.

Sasa tupande juu kidogo. Machi 2025 serikali ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa 2025 hadi 2030. Una nguzo tatu: miundombinu ya kidijitali, data, na utafiti pamoja na ubunifu. Ukisoma nguzo ya pili na ya tatu, ni kama wanamwelezea huyu msichana. Data ya hapa. Lugha za hapa. Utafiti wa hapa. Kwenye kumbi za hoteli maneno haya hupigiwa makofi sana.

Lakini niambie, ni nani anayehesabu miradi ya mwaka wa nne? Kila mwaka maelfu ya vijana wanatumia miezi kadhaa kukusanya kitu fulani: picha za majani ya mahindi yaliyougua, sauti, maandishi, bei za soko. Wakishapewa alama, ripoti inafungwa jalada gumu na kuwekwa kwenye rafu, data inabaki kwenye laptopu, laptopu inauzwa ama inaibwa. Anayekuja mwaka unaofuata anaanza na sifuri. Halafu tunashangaa kwa nini Kiswahili kilipewa saa tano. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilitaja kabisa asilimia 2 ya pato la taifa kwa Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, na hatujakaribia. Sawa, hizo ni pesa kubwa na siasa kubwa. Lakini kuhifadhi faili za wanafunzi mahali pamoja, zikiwa na kanuni za jinsi zilivyonakiliwa, hakuhitaji asilimia 2 ya kitu chochote. Kunahitaji idara iamue kwamba data safi nayo ni mradi, na iipe alama.

Kuna swali lingine, na hili liliulizwa na mmoja wa wale wanawake tisa, sio na jopo. Alipomaliza kurekodiwa alimwambia, "Mami, na hii sauti yangu itakuwa inakaa wapi?"

Swali zito sana hilo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inapoeleza data za kibayometria inataja alama za vidole, DNA, hata umbo la ndewe la sikio, na utambuzi wa sauti pia umo. Sauti ya mtu si kitu cha kuokota tu. Na Wakenya tumeshaonjeshwa. Unakumbuka 2023, foleni za Worldcoin pale KICC, watu wakiangaliwa mboni kwa sarafu za kidijitali za kama Sh7,000? Agosti serikali ikasimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Mwaka huo huo wa 2023, mwezi Januari, jarida la Time lilieleza jinsi vijana wa Nairobi walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma uchafu wa mtandao ili ChatGPT iwe safi. Macho yetu yametumika, mikono yetu pia. Mama mboga akiuliza kuhusu sauti yake, hana wasiwasi wa bure.

Rafiki yangu hakuwa na jibu siku hiyo. Alirudi nyumbani akaandika fomu ya idhini ya ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida: sauti itatumika kwa nini, nani ataisikia, itakaa wapi, na namba ya kupiga ukibadilisha mawazo. Majina ya wateja akayabadilisha yote, kwa sababu mama anaweza kukubali sauti yake itumike lakini Mama Njeri wa kweli hakukubali deni lake lijulikane na watu. Kisha akawazungukia wote tisa upya. Wanane waliweka sahihi. Mmoja alikataa, na dakika zake sita zikafutwa.

Kwa hivyo hata zile dakika 41 nilizokutajia pale juu sasa ni 35. Wanaofunza mashine wamebaki sita.

Sijui wewe unasoma haya ukiwa wapi. Kama uko mwaka wa tatu na unatafuta wazo la mradi, ushauri wangu wa mtu aliyetoka nje ya geti ni huu: muulize msimamizi wako mapema kama atakubali data kama matokeo, na umwombe akuandikie hilo kwa barua pepe. Kama una rafiki wa mwaka wa nne anayekwambia "unaendelea", mwombe akuonyeshe folda. Utajua. Kazi ya kweli kwa wiki ya saba huwa haipendezi: faili zenye majina ya ajabu, jedwali lenye nyekundu nyingi, na daftari la mambo yaliyoharibika.

Jopo linakaa Alhamisi ijayo. Ana slaidi tisa. Hakuna ukurasa wa kuingia. Slaidi ya nne ni kanuni za kuandika "soo", ya sita ni zile grafu mbili, na ya nane ni ile fomu ya idhini. Jumamosi, alama zikitoka ama zisitoke, ameahidiwa na mama wawili wapya warekodiwe kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, malori yakiwa hayajaanza kupiga honi.